Likizo ya Aprili Karatu: mteja yupo, bei bado ni ya mgeni

Aprili ni mwezi wa vitanda vitupu Karatu, mji ulio njiani kutoka Arusha kwenda Ngorongoro. Masika yakianza, wageni kutoka Ulaya na Marekani hupungua, baadhi ya kambi na loji hufunga kwa ukarabati, na madereva wanaolipwa kwa safari hurudi nyumbani kusubiri Juni. Lakini Mtanzania ana nafasi ya kusafiri wakati huohuo. Shule hufunga kwa mapumziko mafupi karibu na Pasaka, kuna Siku ya Karume tarehe 7, Muungano tarehe 26, na Mei Mosi hiyo inafuata. Kwa hesabu ya soko, mwenye chumba na mwenye likizo wangekutana bila kutafutana, lakini Karatu hawakutani kwa wingi.

Wenyeji si wachache. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2024, Tanzania ilipokea watalii 2,141,895 kutoka nje, na watalii wa ndani walikuwa 3,218,352. Hata hivyo, tiketi ya getini si kitanda kilicholaliwa. Basi la shule au la kwaya linaloingia hifadhini asubuhi na kutoka jioni linahesabiwa vizuri, ila mwenye hoteli hapati kitu. Isitoshe, familia nyingi zimezoea safari moja ya mwaka, ile ya kwenda nyumbani. Desemba mabasi ya Moshi hujaa, na abiria wake hulala kwa babu na bibi. Kulipia kitanda ili watoto waone nyati ni tabia inayoanza kujengeka sasa.

Lami hadi getini

Kilichoifungua Karatu ni barabara. Kipande cha kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi Loduare, lango la Ngorongoro, kiliwekewa lami kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo familia yenye gari dogo inatoka Arusha baada ya chai, inanunua ndizi nyekundu Mto wa Mbu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kufika Karatu kabla ya chakula cha mchana. Kandokando ya lami hiyo zimeota nyumba za wageni, vituo vya mafuta na gereji. Hoteli ikipata watu, hata mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, muuza mboga na fundi wa shokamzoba hupata chao.

Tatizo ni kwamba lami inaishia langoni. Mbele yake ni barabara ya vumbi inayopanda msituni hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa masika huwa telezi na yenye ukungu. Kushuka mita 600 hivi hadi sakafuni kunataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Gari dogo la familia linabaki Karatu, na hapo ndipo bajeti inapovurugika.

Kinachoumiza ni gari

Watu wengi hudhani kiingilio ndicho kinachowafukuza wenyeji. Sivyo. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, raia mtu mzima wa Afrika Mashariki hulipa Sh10,000 kabla ya VAT kuingia Ngorongoro, wakati mgeni wa nje hulipa dola 60. Baba na mama wataacha getini Sh23,600 pamoja na kodi. Watoto hulipa pungufu zaidi, na walio chini ya miaka 5 huingia bure.

Sasa weka gari. Land Cruiser ya kitalii pamoja na dereva mara nyingi hukodishwa kwa dola 150 hadi 250 kwa siku, yaani kati ya karibu laki nne na zaidi ya laki sita. Kwa hiyo gari la siku moja linaweza kuzidi kiingilio cha wazazi mara 20 au zaidi. Punguzo la serikali ni la kweli, lakini limewekwa kwenye mstari mdogo kabisa wa bajeti.

Kitanda nacho kina hadithi yake. Loji nyingi huuza kwa kichwa, milo yote ndani, kwa kumfikiria mgeni wa wawili wawili. Familia yenye watoto watatu huambiwa ichukue vyumba viwili. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani, na hilo ni jambo jema. Lakini bei ya dola iliyobadilishwa kuwa shilingi ni bei ileile.

Dawa haihitaji mtaji mkubwa. Magari yanayolala uani Aprili yanaweza kuuzwa kwa kiti, familia mbili zikagawana gharama. Hoteli zinaweza kuwa na chumba cha familia, kifungua kinywa peke yake, na maegesho salama ya gari dogo. Waongoza watalii wasimulie kwa Kiswahili habari za Olduvai na za nyayo za Laetoli zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, kwa lugha ya mtoto wa darasa la tano. Mvua ikizuia kushuka kreta, yapo mashamba ya kahawa na ziwa Eyasi, ingawa njia ya kwenda Eyasi nayo ni ya kuulizia kwanza.

Jirani wa kaskazini

Soko halikomei Arusha. Kenya hufunga shule Aprili kwa wiki kama tatu, na raia wake hulipa kiingilio cha Afrika Mashariki. Kwa kuwa mpaka wa Bologonja kati ya Maasai Mara na Serengeti umefungwa tangu 1977, familia ya Nairobi huja kwa Namanga, na hivyo njia yake kwenda kreta inapita Arusha na Karatu.

Wapo watakaosema mwenyeji hawezi kulisha loji, na ni kweli hatachukua nafasi ya mgeni wa Julai. Lakini mwaka 2020 watalii wa nje walishuka hadi karibu 620,000 kutoka milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na biashara iliyomtegemea mteja mmoja iliona matokeo yake. Kalenda ya shule hujulikana kabla Januari haijaisha. Wenye vitanda na magari Karatu nao watoe bei za Aprili mapema, kwa shilingi na kwa familia, maana mzazi hupanga likizo kwa bei anayoijua.