Homa ya Mtu Asiye na Wengu

Mtu aliyeangushwa na bodaboda anaweza kuinuka, akapangusa suruali, akaokota simu yake na kuwaambia waliokusanyika kwamba hajambo. Barabara za Kibugu, kaunti ya Embu nchini Kenya, hupanda na kuteremka kati ya mashamba ya chai na kahawa, mvua ikinyesha hugeuka utelezi mtupu, na pikipiki ikilala, usukani wake aghalabu humgota mwendeshaji chini ya mbavu. Akigotwa kushoto, huenda asionekane na hata mchubuko. Baada ya saa moja au mbili, pengine baada ya siku kadhaa, tumbo linaanza kuuma, kiu inamshika, kizunguzungu kinamjia, moyo unamwenda mbio. Wengine huumwa na bega la kushoto ambalo halikuguswa na chochote. Damu iliyomwagika tumboni inachokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa neva ya kiwambo na zile za bega zina shina moja shingoni, ubongo hukosea anwani.

Kilichopasuka ni wengu, ambao wengine huuita bandama. Ni kiungo chenye ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi, kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, chini ya ubavu wa tisa hadi wa kumi na moja upande wa kushoto. Nyama yake ni laini na imejaa damu, kwa hiyo ukipasuka hauzibiki kirahisi kama kidonda cha mguuni.

Wengu uliovimba hupasuka kwa kishindo kidogo zaidi. Ukitoka Embu kwenda Nairobi unapita Mwea, ambako mpunga umekuwa ukilimwa kwa maji ya mifereji tangu miaka ya 1950. Mifereji hiyo imeleta mchele mzuri, na imeleta pia mbu wa malaria na konokono wa kichocho cha utumbo. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama kwenye ini na kulitia makovu, damu iliyokuwa ipite ndani ya ini inakosa njia, inarudi nyuma, na wengu unavimba. Malaria ya mara kwa mara nayo huuvimbisha. Anayeishi Kibugu kwenye baridi, lakini hushuka Mwea kwa vibarua vya kupanda na kuvuna, anaweza kupanda pikipiki akiwa na wengu mkubwa bila habari.

Si kila wengu mkubwa unaotakiwa kukatwa, na hapa historia ya Afrika Mashariki ina la kusema. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Mulago, Kampala, waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na wengu mkubwa kupindukia bila chanzo kujulikana. Baadaye ilibainika kwamba wengi wao miili yao ilikuwa inaitikia malaria kupita kiasi. Kisu kiliwapunguzia uzito tumboni, ila kiliwaacha wazi kwa maambukizi yanayoua. Kilichowafaa ni kumeza dawa ya kuzuia malaria, kama proguanili, kwa muda mrefu, na wengu ukanywea wenyewe. Yapo maradhi mengine ya damu ambayo kutoa wengu bado kuna nafasi, hasa dawa zikishindwa, na huko mgonjwa na daktari huwa na wiki kadhaa za kujiandaa. Wa bodaboda hana hata siku moja.

Akifika hospitali ya Level 5 ya Embu, kazi ya kwanza ni kupima presha, kumwekea dripu na kumulika tumbo kwa mashine ya ultrasaundi kuona kama kuna damu. Hapo unakuja uamuzi ambao watu wa nje hudhani ni mwepesi. Mwaka 1968 madaktari wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walionyesha kwamba wengu wa mtoto uliochanika unaweza kupona bila kukatwa, na tangu hapo wengu nyingi zimeokolewa duniani, za watoto na za watu wazima. Lakini kungoja si kulaza mtu kitandani na kumwombea. Kunataka presha ipimwe usiku kucha, damu ya akiba iwepo, picha ya CT ipatikane, na chumba cha upasuaji kiwe tayari saa nane za usiku. Mgonjwa ambaye presha yake inashuka licha ya kuongezewa maji na damu hangojewi popote, iwe Toronto au Embu. Sikubaliani na wanaosema kwamba daktari wa kaunti anayetoa wengu ana haraka ya kukata. Mara nyingi amehesabu chupa za damu zilizopo, akaona hazitoshi kwa kamari.

Upasuaji wenyewe hauna mbwembwe. Tumbo hupasuliwa katikati kutoka juu kuelekea kitovuni, damu inafyonzwa, mkono wa daktari unaufuata wengu huko ulikojificha na kuuvuta kuja mbele, kisha mshipa unaoleta damu na ule unaoirudisha hufungwa na kukatwa. Cha kuchungwa sana ni ncha ya kongosho, ambayo imejisogeza karibu kabisa na mishipa hiyo. Ikijeruhiwa, maji yake ya kusaga chakula huvuja tumboni na kuleta shida mpya. Siku chache baadaye mgonjwa anakaa, anakula, anauliza lini atarudi kazini. Jamaa wanashukuru, bili inalipwa, na mtu anateremka ngazi za hospitali akiwa na kovu refu na kijikaratasi cha maelekezo. Kwa maoni yangu kijikaratasi hicho ni muhimu kama nyuzi zilizomshona, na ndicho kinachoandikwa kwa haraka kuliko vyote.

Kwa muda mrefu wengi walidhani wengu hauna kazi ya maana, kwa kuwa mtu aliishi bila huo. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1952, pale Harold King na Harris Shumacker wa Marekani walipoeleza habari za watoto watano waliotolewa wengu kabla ya kutimiza miezi 6. Wote walipata maambukizi makali, na wawili wakafa. Tangu hapo imethibitishwa kwamba hatari hiyo inawafuata hata watu wazima, ingawa watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi.

Watu wa Kibugu wamewahi kumwona karani wa kituo cha majani chai akikagua kikapu: anapekua, anachomoa majani makavu na yaliyokomaa, yaliyo mazuri anayaacha yapite kwenye mizani. Wengu hufanya hivyo kwa damu, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Chembe nyekundu zinalazimika kujipenyeza kwenye nyufa nyembamba mno. Zilizozeeka hushindwa na kuvunjwa, na zilizobeba takataka ndani yake hunyofolewa takataka hiyo na kuachwa ziendelee na safari. Mtu asiye na wengu hukosa ukaguzi huo, na fundi wa maabara mwenye darubini ya kawaida anaweza kuliona jambo hilo: ndani ya chembe nyekundu hubaki vitone vidogo vya kiini ambavyo wengu ungeviondoa. Huitwa vitone vya Howell na Jolly, kwa majina ya wanasayansi wawili walioandika kuvihusu, Mmarekani na Mfaransa.

Kazi ya pili ndiyo inayogusa uhai. Wapo bakteria waliojivika ganda la sukari linaloteleza, ambalo askari wa kawaida wa mwili hawalikamati vizuri. Mkuu wao ni nimokoka, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Wenzake ni meningokoka na yule aitwaye Hib. Wengu ndio unaotengeneza haraka kingamwili dhidi yao na ndio unaowanasa wakiwa bado wachache katika damu. Usipokuwepo, wanazaana bila kizuizi. Mgonjwa anaanza na homa, baridi ya kutetemeka, kichwa kuuma, pengine kutapika na kuharisha. Asubuhi anafanana na mtu mwenye mafua makali. Usiku presha imeporomoka na vidole vinaanza kuwa vyeusi. Anaweza kufa ndani ya saa 24 hadi 48 tangu dalili ya kwanza, na hata wanaofikishwa hospitalini karibu nusu yao hufa. Jambo hili halitokei mara nyingi: katika watu wazima 1,000 wasio na wengu, huwapata wachache tu kwa mwaka. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi, ila hakuna mwaka ambao hatari inafikia sifuri. Wapo waliopatwa baada ya miaka 20, wakiwa wameshasahau kovu lao.

Kinga ya kwanza ni chanjo tatu: ya nimokoka, ya meningokoka na ya Hib. Upasuaji uliopangwa hutanguliwa na chanjo kwa wiki mbili au zaidi. Wa dharura hufuatwa na chanjo baada ya siku 14 hivi, mwili ukishatulia. Baadhi hurudiwa kila baada ya miaka 5, na ya mafua huongezwa kila mwaka. Kwetu kuna tatizo ambalo halisemwi vya kutosha. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya Hib katika ratiba ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya nimokoka mwaka 2011. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda leo walizaliwa kabla ya hapo. Kundi linalopoteza wengu zaidi barabarani ndilo kundi ambalo ratiba ililipita, na mtu mzima mara nyingi hutakiwa kuinunua chanjo mwenyewe mjini. Hospitali ikimruhusu mgonjwa aende bila tarehe ya chanjo iliyoandikwa, yeye na jamaa zake waidai kabla ya kutoka wodini.

Kinga ya pili ni penisilini ya kumeza asubuhi na jioni. Watoto hupewa hadi angalau miaka 5 ya umri, watu wazima kwa miaka miwili ya kwanza au zaidi, na walio dhaifu maisha yote. Ya tatu ni dozi ya antibayotiki ya kuwekwa nyumbani, iliyoandikwa na daktari, ya kumezwa homa inapoanza huku usafiri ukitafutwa. Dozi hiyo hainunuliwi ili mtu asiende hospitali.

Malaria inastahili neno lake. Kibugu si mahali pa mbu wengi, kwa hiyo mwili wa mwenyeji haujaizoea. Akitolewa wengu juu ya hapo, safari ya Mwea, Mbeere au Mombasa inakuwa jambo la kujiandaa: dawa ya kuzuia malaria kwa ushauri wa daktari, na chandarua kila usiku. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watu wasio na wengu walikutwa na vimelea, na homa yenye vimelea, mara nyingi kuliko wenzao. Tena, kwa kuwa hakuna kinachonyofoa vimelea vilivyokufa, kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha malaria baada ya dawa kufanya kazi, na mgonjwa akabadilishiwa dawa bure. Mwambie anayekupima kwamba huna wengu.

Mengine ni mafupi. Chembe zinazogandisha damu huongezeka baada ya upasuaji, kwa hiyo mguu ukivimba au tumbo likianza kuuma upya katika wiki za mwanzo, rudi hospitali. Ukiumwa na mbwa, hata kidogo, nenda siku hiyohiyo. Mbali na kichaa cha mbwa, mate yake yana bakteria anayeweza kumuua mtu asiye na wengu. Chakula hakibadiliki. Kuchuma chai, kulima na kubeba mizigo hurejewa polepole baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa wahudumu wa zahanati na wenye maduka ya dawa kuanzia Kibugu hadi Kianjokoma na Manyatta, ombi langu ni moja: mtu mwenye homa akija kuomba Panadol au dawa ya malaria, muulize kama amewahi kupasuliwa tumbo na ni nini kilichotolewa. Na wewe usiye na wengu, beba kadi inayosema hivyo pochini, mwambie mwenzako wa nyumbani, na homa ikifika nyuzi 38, meza dozi yako ya kwanza uondoke kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.