Ukoo wa Mnazi Umo Kwenye Jani

Hapa Kiwangwa nanasi tunalipanda kwa maotea. Ukichomoa otea ukalipanda, utavuna nanasi lile lile la shina mama. Mnazi mrefu wa pwani yetu hauko hivyo. Huota kwa nazi, na karara likishapasuka, maua ya dume hupukutika kabla ya yale ya kike kuwa tayari, kwa hiyo chavua mara nyingi hutoka mnazi mwingine, na kila mnazi huwa na ukoo wake. Ndiyo maana nawakatalia wanaoniambia niangushe minazi ya babu nipanue mananasi, eti mnazi ni mnazi tu.

Wataalamu huusoma ukoo huo kwenye jani changa. Hulikausha, hulisaga, hutoa vinasaba. Ndani yake mna sehemu ambapo herufi chache hujirudia, CA, CA, CA. Mnazi huu mara 12, ule mara 16. Sehemu hizo hunakiliwa kwa mashine, kisha hupimwa urefu. Kila mnazi una nakala mbili za kila sehemu, ya mama na ya baba. Mnazi mfupi, kama ule mwekundu wa Pemba, hujichavusha wenyewe, na nakala zake mara nyingi hulingana.

Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha matokeo ya minazi zaidi ya 1,300 ya duniani, iliyopimwa kwa sehemu 10 za namna hiyo. Zilionekana koo kuu mbili: wa Pasifiki, na wa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki koo hizo zimechanganyika, na watafiti hao wanaona kuwa nazi za Pasifiki zilifuata njia ya mabaharia waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki kwenda Madagaska. Huku kwetu huenda na majahazi ya Waarabu yalichangia. Shamba la babu lina historia ndefu kuliko hati yoyote tuliyonayo.

Na hazina hiyo inakufa. Ugonjwa wa kunyong'onyea hupukutisha vidaka, karara huwa jeusi, makuti hugeuka manjano, kichwa huanguka. Dawa ya kuuponya mnazi hakuna. Tegemeo ni mbegu zinazohimili. Vipimo hivi vya vinasaba havisemi vyenyewe mnazi upi utahimili, ila vitaonyesha kama minazi iliyobaki mizima katikati ya magogo ni ya ukoo mmoja. Ningeanzia hapo: mwenye mnazi wa namna hiyo atoe jani lake lipimwe kabla hajauita msumeno.