Kabla hujapeleka mlango kupulizwa rangi upya

Safari ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo huacha alama kwenye gari. Kwenye vipande vya changarawe lori la mbele hurusha kokoto kwenye boneti, na ukiingia njia za porini kuelekea Ikoma, miiba ya migunga huchora milango pande zote mbili. Mwenye gari akifika gereji huambiwa haraka: mlango mzima upigwe msasa, upulizwe upya. Kwa mkwaruzo mdogo, ushauri huo unamwondolea mali ambayo hatairudisha.

Mali hiyo ni klia ya kiwandani, tabaka la juu lisilo na rangi, lenye kutoa mng'ao na kuikinga rangi na jua kali la huku karibu na ikweta. Kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50, yaani milimita moja ugawe mara ishirini au zaidi. Kila ukisugua inapungua, na hakuna polishi inayoiongeza.

Kwa hiyo pima kwanza. Osha, kausha, kisha pitisha ukucha kukatisha mkwaruzo. Usiponasa, jeraha ni la juu juu. Lowesha: mstari ukipotea kwa muda, klia ndiyo iliyochubuka na rangi ya chini ni nzima. Ukiona praima au bati, kompaundi ya kusugulia haitakusaidia.

Wenye Toyota nyeupe, zikiwemo Land Cruiser za kazi zinazopita sana kwenye mageti ya Serengeti, wana kipimo kingine. Baadhi yake, hasa zenye namba ya rangi 040, hazina klia kabisa. Sugua kompaundi kidogo mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheusi. Kikipata weupe zaidi ya ule wa kompaundi yenyewe, unasugua rangi tupu, basi mkono uwe mwepesi zaidi.

Kazi yenyewe ifanyike asubuhi, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Vumbi lote litoke kwanza, maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa itachora mistari mipya. Oshea nyumbani, si mtoni: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, na Mto Mara una watu na mifugo wanaounywa. Anza na kompaundi laini kabisa, eneo la ukubwa wa kiganja, kisha futa na utazame. Msasa wa maji namba 2000 au 3000 uwe chaguo la mwisho, ukiwa umelowa, na ukae mbali na kona na kingo za bodi, ambako klia huisha upesi. Mkwaruzo ukififia hata usionekane hatua mbili mbali, uache. Malizia kwa nta.

Tundu la kokoto halisuguliwi, linajazwa. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota iko mara baada ya herufi C/TR. Safisha tundu kwa spiriti, dondoshea rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba likauke ndipo liongezwe jingine, kisha klia juu yake. Usichelewe, kwa sababu bati likishalowa mvua za masika kutu hupenya chini ya rangi nzima iliyo jirani.

Klia inayobanduka kama ngozi ndiyo kazi ya fundi kweli. Klia ya kuchanganywa na hadina ina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea anayeivuta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Isipulizwe uani penye watoto, hata kama fundi amekubali kukufuata nyumbani kwa bei nafuu.