Je, Wajua? Ini Jipya, Virusi vya Zamani

Je, wajua kwamba aliyepandikizwa ini anaweza kuwa na virusi tele damuni, na kipimo cha kingamwili kisione kitu? Dawa anazomeza ili mwili usilikatae ini hilo hudhoofisha pia uwezo wa kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana daktari huagiza PCR, ambayo husaka vinasaba vya virusi vyenyewe.

Je, wajua kirusi kinachowasumbua zaidi wagonjwa hawa? Ni saitomegalo, kwa kifupi CMV. Wengi wetu tunacho tangu utotoni bila habari. Aliye hatarini kuliko wote ni yule asiyewahi kukipata, kisha akapewa ini la mtu aliyekuwa nacho. Chini ya hadubini, seli iliyovamiwa hufanana na jicho la bundi.

Je, wajua homa pekee haisemi lolote? Huenda ni virusi, huenda mwili unalikataa ini. Na tiba zinapingana: mwili ukikataa, dawa za kushusha kinga huongezwa, virusi vikitamba, mara nyingi hupunguzwa. Kwa hiyo hunyofolewa kinyama cha ini kikachunguzwe.

Je, wajua kirusi cha Epstein-Barr, kinachoweza kuleta saratani ya tezi za limfu baada ya upandikizaji, hasa kwa watoto, kiligunduliwa kutokana na wagonjwa wa jirani zetu Uganda? Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto wa huko mwaka 1958. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi hicho London.

Je, wajua Hospitali ya King Faisal, Kigali, ilianza kupandikiza figo mwaka 2023? Kwa ini, ni afadhali kutofikia hatua ya kupandikizwa. Homa ya ini C ikiwa bado damuni siku ya upasuaji, hulivamia ini jipya. Desemba 2018 Rwanda ilizindua mpango wa kuitokomeza: kupima watu milioni 4, kutibu 112,000. Katika utafiti wa SHARED uliofanyika Kigali, wagonjwa 300 walipewa vidonge kwa wiki 12. Asilimia 87 walipona.

Je, wajua waliopona homa hiyo hubaki na kingamwili miaka mingi? Basi ukipimwa ikaonekana, omba kipimo cha virusi vyenyewe kabla hujajiita mgonjwa.