Kutembea kwa Miguu Katika Nchi ya Ziwa Mweru

Mtu afikaye Nchelenge, katika jimbo la Luapula huko Zambia, kwa kawaida hutazama upande mmoja tu, yaani ziwani. Si ajabu, maana Ziwa Mweru lapata kilomita za mraba 5,000, na ng'ambo yake ya magharibi ni nchi ya Kongo. Lakini mwenye kutaka kuifahamu nchi hiyo hana budi alipe ziwa kisogo asubuhi moja, ashike njia ya mashamba kuelekea mashariki, mahali ardhi ianzapo kuinuka.

Kabla ya kuondoka yafaa aijue hadithi moja. Wazee husimulia habari za mwanamke aitwaye Nachituti. Kaka yake, Nkuba, mkuu wa Washila ambao walikuwa wavuvi, alimwua mtoto wake. Nachituti akaenda kushitaki kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, na watu wa Kazembe wakamwua Nkuba. Ndipo mama yule alipompa Kazembe kikapu cha udongo na mtungi wa maji, kuwa alama ya nchi pamoja na maji yake. Twaona kwamba hakutoa kimoja akazuia kingine.

Pwani ya ziwa msafiri atakuta samaki wadogo wameanikwa juani. Huko huitwa chisense, nasi tungewaita dagaa, na huvuliwa usiku kwa taa kama wale wa Kigoma. Akiacha vibanda vya wavuvi nyuma yake, mara aingia katika mihogo, naye atatembea ndani ya mihogo kwa muda mrefu. Chakula cha nchi ni ugali wa muhogo, wauitao ubwali. Muhogo ulio mchungu una sumu, kwa hiyo hulowekwa majini siku kadhaa hata ulainike, kisha huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Basi hata muhogo hauwi chakula pasipo maji! Tena mvuvi hali samaki peke yake. Hutaka unga, na mwenye unga hutaka kitoweo.

Kadiri mtu apandavyo, mashamba hupungua na miti ya miombo huzidi. Huku juu ndiko kwenye kilimo kiitwacho chitemene. Wanaume hukwea miti na kukata matawi, shina likibaki. Matawi hukusanywa mahali pamoja, na karibu na mvua hutiwa moto. Ulezi hupandwa katika majivu, maana udongo wenyewe umeoshwa na mvua nyingi hata ukakosa nguvu. Mgeni huona uharibifu mtupu, na serikali ya Waingereza nayo ilijaribu kukizuia kilimo hicho. Audrey Richards, ambaye kitabu chake juu ya Wabemba kilitoka mwaka 1939, alieleza kwamba kina akili yake: miti huchipuka tena, mradi ipewe miaka mingi ya kupumzika. Shida ni hiyo miaka. Watu wakiongezeka, pumziko hufupishwa. Na juu ya hayo miti hukatwa kwa ajili ya mkaa na kuni za kukaushia samaki. Mimi naona kwamba moshi wa kule pwani hueleweka zaidi ukiwa umesimama huku juu, penye visiki.

Tena miombo si kuni tu. Mvua zikianza, watu huingia humo kuokota uyoga, na viwavi wa kuliwa pia hutoka katika miti hiyo. (Asiyewahi kuvila asivicheke.)

Mito nayo ina habari yake. Zamani mvua za kwanza ziliposhuka na Luapula ukafurika, samaki aitwaye mpumbu alitoka ziwani kwa makundi makubwa, akapanda mto kutaga mayai. Watu walimngoja huko huko kwa nyavu, wakati tumbo limejaa mayai. Soko lilikuwepo, kwa kuwa migodi ya shaba ya Katanga ilitaka chakula cha wafanyakazi, na wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga wakinunua samaki wa nchi hiyo. Katika miaka ya 1940 mpumbu aliadimika, wala makundi yale hayakurudi kama kwanza. Siku hizi sheria ya Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Ni miezi mitatu migumu kwa mtu asiye na kazi nyingine, naye mwenye shamba la mihogo huistahimili vizuri zaidi.

David Livingstone alifika ziwani humu tarehe 8 Novemba 1867, na kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Kumbe Kiswahili kilisikika njia hizo zamani. Hata kisiwa kimoja cha ziwa chaitwa Kilwa, nacho kisichanganywe na Kilwa ya pwani yetu.

Wakati mzuri wa kutembea ni tangu Mei hata Agosti, kumekauka na baridi kidogo. Msafiri achukue maji ya kunywa na chandarua, kwani malaria ya Nchelenge ni kali, na akipita katika shamba la mtu abishe hodi kwanza.