Kibandiko Kisichoonekana

Mtu akipanga makopo ghalani bila kuyabandika karatasi, hawezi kujua lipi lina majani ya chai na lipi lina chumvi mpaka ayafungue. Ukurasa wa intaneti nao wataka kibandiko. Kibandiko hicho huitwa tagi ya meta. Ni maneno machache yaandikwayo mwanzoni mwa ukurasa, mahali ambapo msomaji wa kawaida hayaoni, lakini mitambo ya kutafutia habari, kama Google, huyasoma.

Sisi wa chama cha kompyuta tulijifunza jambo hili kwa aibu. Muhula uliopita tulipanga ukurasa wa tarehe ya kufungua shule na vitu vya kuleta. Ili tuokoe wakati, tulichukua faili ya zamani ya siku ya michezo, tukafuta maneno yake, tukaandika mapya. Ukurasa ulipendeza. Lakini mzazi mmoja alipoutafuta, aliona katika orodha ya majibu, "Matokeo ya Mbio na Kuruka," akaupita. Mwanawe alifika shuleni siku mbili baada ya wenzake. Tulikuwa tumefuta yanayoonekana, tukasahau yasiyoonekana.

Kuandika kibandiko si kazi ngumu. Mathalani, katika programu ya LibreOffice Writer, ambayo hutolewa bure, fanya hivi.

Kwanza, fungua "File," kisha "Properties," kisha "Description."

Pili, palipoandikwa "Title" weka jina la ukurasa. Palipoandikwa "Keywords" weka maneno makuu. Na palipoandikwa "Comments" eleza yaliyomo kwa sentensi moja au mbili.

Tatu, hifadhi kazi yako kwa namna ya HTML. Jina la ukurasa litaingia katika tagi yake lenyewe, na maelezo yako ya "Comments" yatageuzwa yawe hivi:

<meta name="description" content="Tarehe ya kufungua shule na vitu vya kuleta.">

Nne, fungua ukurasa katika Firefox au Chrome, bonyeza Ctrl na U pamoja, utazame kama maneno yamekaa barabara.

Yafaa pia kujua mpaka wa jambo hili. Zamani watu wengine walijaza maneno makuu mengi, hata yasiyohusu ukurasa wao, ili wapate wageni. Kwa sababu ya hila hizo Google waliacha kuyategemea, na mwezi wa Septemba 2009 walitangaza wazi kwamba hawayatumii katika kupanga orodha ya majibu. Hata yale maelezo ya sentensi mbili hayaupandishi ukurasa juu ya mwingine. Faida yake ni kwamba huweza kuonyeshwa chini ya jina la ukurasa, na hapo ndipo mtu huamua kuufungua au kuupita.

Basi, wenzangu, kila ukurasa tuupe maelezo yake wenyewe, mafupi na ya kweli. Tena, tukianza kazi kwa faili ya zamani, tufungue "Properties" kabla ya jambo lingine lolote. Mzazi aliye mbali hana njia nyingine ya kujua kilichomo ndani ya kopo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu