Ulinzi wa Mashine za Kanda za Kompyuta

Kanda ya sumaku ni chombo cha zamani katika taaluma ya kompyuta, lakini hadi leo hutumika kutunzia nakala za akiba. Kasha moja la aina ya LTO-9, lililoanza kuuzwa mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Makasha hupangwa katika maktaba ya kanda, na mkono wa roboti huyatia katika mashine za kusomea na kuandikia.

Kwa kuwa mashine hizo ni ghali, kompyuta kadhaa za huduma, ziitwazo seva, huzitumia kwa pamoja kupitia mtandao mmoja. Hapo ndipo hatari inapozuka. Kanda huandikwa kwa mfuatano. Iwapo seva moja inaandika, na nyingine ikaamuru kanda irudishwe mwanzo, maandishi yanayofuata yatafuta yale ya awali. Hasara hiyo huenda isigunduliwe hadi siku nakala zitakapohitajika.

Kinga ina hatua mbili. Kwanza, kila kifaa katika mtandao huo hutambulishwa kwa namba ya pekee yenye biti 64. Swichi za mtandao huwekewa orodha ya namba zinazoruhusiwa kuwasiliana. Seva isiyomo katika orodha haiioni mashine kamwe. Pili, seva inayotaka kuandika huishika mashine kwa amri maalumu, na amri za kuandika au kurudisha kanda kutoka seva nyingine hukataliwa mpaka itakapoiachia.

Ikumbukwe kwamba orodha peke yake haitoshi, kwani seva mbili zilizoruhusiwa zaweza kugongana.